Mashine ya kupasulia kuni iliyotumika: ipime ikiwa ya moto

Swali: Fundi, habari za kazi. Niko Mafinga, nauza kuni za milingoti kwa wachoma matofali na kwa kiwanda cha chai. Vijana wangu wanapasua kwa shoka na oda zinatushinda. Kuna mtu Makambako anauza mashine ya haidroliki ya kupasulia magogo. Imetumika, ilikuja kwenye kontena kutoka Marekani, injini ya petroli. Nilipokwenda kuiona alivuta kamba mara moja tu ikawaka. Anasema ni ya tani 30, anataka milioni 4 na nusu, na ameniomba nitangulize laki tano asije akampa mtu mwingine. Nikague nini kabla sijalipa?

Jibu: Kamwene dada. Hizo laki tano zisitoke kwanza. Mwenye mashine nzima hana sababu ya kuogopa siku mbili tatu za ukaguzi. Mwambie utakuja na fundi, utakuja na magogo yako mwenyewe, na ukiridhika utamlipa yote siku hiyohiyo. Akikataa magogo yako, umeshapata jibu bila kutumia hata nauli.

Sasa hilo la kuwaka kwa mvuto mmoja. Kila muuzaji huanza nalo, na ndilo linalokueleza machache kuliko yote. Injini ndogo ya petroli ya hospawa 5 hadi 7 ndiyo sehemu rahisi kubadilisha kwenye mashine hiyo. Injini za Kichina zilizoigwa kwenye muundo wa Honda GX zinauzwa madukani, matundu ya boliti zake za chini kwa kawaida yanalingana, na jambo la kuangalia ni unene wa shafti: nyingine ni milimita 19, nyingine 20, na kapulingi (kiungo kinachounganisha injini na pampu) ya moja haikai sawasawa kwenye nyingine. Ukinunua mashine yenye injini mbovu lakini pampu, silinda na chuma chake ni vizima, umenunua mashine. Ukinunua injini nzuri iliyofungwa kwenye pampu iliyokwisha na boriti iliyopinda, umenunua injini ya umwagiliaji kwa milioni 4 na nusu.

Unachonunua hasa ni presha, pamoja na chuma kinachoibeba hiyo presha. Kwa hiyo uielewe kidogo pampu yake. Mashine nyingi za aina hii zina pampu ya gia ya hatua mbili. Kabari inapotembea bila kugusa gogo, jozi zote mbili za gia zinasukuma oili nyingi kwa presha ndogo, kabari inakwenda haraka. Ikigusa gogo na presha ikapanda kufikia bar 35 hadi 60 hivi (bar ni kipimo cha presha), valvu ndogo iliyo ndani ya pampu inafunguka na jozi kubwa inaacha kusukuma. Inabaki jozi ndogo peke yake, inatoa kama robo tu ya oili ya mwanzo, lakini inaweza kufika bar 200 bila kuizima injini. Ndiyo sababu injini ndogo kiasi hicho inapasua gogo ambalo kijana mwenye shoka analizunguka kwa dakika kumi. Badiliko hilo la kutoka haraka kwenda taratibu utalisikia kwa sikio, na karibu kila kipimo nitakachokueleza kinalitegemea.

Tuanze na tani 30, yaani nguvu ya kusukuma kabari, kwa sababu hizo unaweza kuzipima kwa uzi na futi kamba hata kabla mashine haijawashwa. Zungushia uzi kwenye mwili wa silinda, kisha upime urefu wake. Silinda ya inchi 4 kwa ndani huwa na mzunguko wa nje wa kama sentimita 36. Ya inchi 4 na nusu huwa 40 hadi 42, na ya inchi 5 huwa 44 hadi 46. Kwa presha ya bar 200, inchi 4 inatoa tani 16 na nusu hivi, inchi 4 na nusu tani 21, inchi 5 karibu tani 26. Wamarekani wanatumia tani yao ya kilo 907 na wanapigia hesabu presha ya juu kidogo, kwa hiyo silinda ya inchi 5 huandikwa 28 au 30 kihalali. Lakini uzi wako ukisoma 36, hiyo haikuwa ya tani 30 siku ilipotoka kiwandani wala haitakuwa leo, hata kama stika inasema hivyo. Hapo mazungumzo ya bei yaanze upya.

Hata hivyo usizililie sana hizo tani 30. Mlingoti ulionyooka wa kipenyo cha sentimita 25 hadi 35, ukiwa bado mbichi, tani 16 hadi 20 zinautosha. Unaosumbua ni uliokauka, wenye nyuzi zilizosokotana na vifundo. Silinda kubwa ikipewa pampu ileile inatembea polepole zaidi, na tatizo lako ni oda kukushinda, maana yake unahitaji mwendo. Mimi ningechukua ya inchi 4 au 4 na nusu yenye pampu yenye afya kuliko ya inchi 5 iliyochoka. Na popote unapoweza, pasua milingoti ikiwa mbichi halafu ndiyo uianike: inapasuka kirahisi na inakauka mapema, na mwenye tanuri la matofali anataka kavu.

Nenda asubuhi, na mwambie mapema asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, kabla ya salamu kuisha, weka kiganja kwenye injini na kwenye tangi la oili. Vikiwa na joto, ameshaipasha. Inawezekana ni kwa nia njema, lakini umenyimwa nusu ya ukaguzi, kwa hiyo subirini ipoe mkinywa chai.

Ikiwa ya baridi, fungua tangi la oili ya haidroliki uchovye kijiti. Oili nzuri ni ang'avu, ya rangi ya asali au nyekundu kutegemea aina. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, mara nyingi kwa kuachwa nje kwenye mvua, na maji hayo yameshaanza kula pampu na silinda kwa ndani. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, imekuwa ikichemka kazini. Sugua tone kati ya vidole juani: ukiona vumbi linalometameta, ni chuma cha pampu hicho. Sikia pia uzito wake. Oili inayofaa mashine hizi ni ya namba 32 au 46. Wapo wanaomwaga oili nzito ya gia ili kuficha uvujaji na kuipa pampu iliyochoka nguvu ya saa moja. Ikivutika kama uji mzito, muulize ameweka nini na kwa nini. Kwetu huku, Juni na Julai, asubuhi za Mufindi na Njombe zenye sakitu, oili nzito haipandi kwenye pampu vizuri, na pampu inayokosa oili inajitafuna yenyewe.

Ukitoka hapo, nenda kwenye chuma, na hapa usiwe na haraka. Boriti ndefu inayobeba silinda na kabari yake upande mmoja na bamba la kuegemeza gogo upande mwingine ndiyo inayopokea tani zote hizo kila gogo linapokataa. Funga uzi uliokazwa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, juu yake na ubavuni. Nafasi kati ya uzi na chuma iwe sawa mwanzo hadi mwisho. Boriti iliyopinda haifai kunyooshwa kienyeji. Hata ukiipiga moto na kuirudisha, itapinda palepale, na kabari isiyotembea sambamba na boriti inakata sili za silinda (mipira inayozuia oili isivuje) kila siku.

Halafu tafuta nyufa. Zinapenda kuanzia mahali pachache: kwenye mchomeleo unaoshika kabari, kwenye mguu wa bamba ambalo gogo linaegemea, na pale silinda inapofungwa kwa pini. Futa vumbi na mafuta kwa kitambaa chenye petroli, kisha mulika kwa tochi ya simu ukiilaza ubavuni, siyo moja kwa moja. Ufa utauona kama mstari mwembamba wenye kutu ya kahawia hata kama chuma chenyewe ni safi, au rangi imepasuka kwa mstari ulionyooka pembeni ya mchomeleo. Rangi mpya kwenye sehemu hizo tu, mashine nyingine yote ikiwa imepauka, ina sababu yake. Omba uikwangue kidogo kwa bisibisi. Mchomeleo wa kiwandani ni laini na una mawimbi yanayolingana. Wa mtaani, uliorundikwa juu ya mwingine, unakwambia pale palishavunjika. Si kila mchomeleo wa mtaani ni mbaya, tuna wachomeleaji hodari sana Mafinga kwa ajili ya mashine za mbao, lakini ujue unachonunua.

Shafti ya silinda, ile inayong'aa inayotoka na kuingia, mwambie aitoe yote (atawasha mara moja, kisha azime). Pitisha ukucha wa kidole gumba taratibu kutoka mwisho hadi mwisho, zungushia pande zote, hata chini ambako macho hayafiki. Mikwaruzo ambayo ukucha hauishiki haina neno. Ukucha ukikwama, au ukihisi vishimo vidogo vya kutu pale kromu ilipobanduka, kila kishimo kinakata sili kila shafti inapopita, na sili mpya utakayoweka itakufa baada ya muda mfupi. Kurudishia kromu si kazi ya gereji ya kawaida huku kwetu. Kwa hiyo shafti yenye vishimo, kwangu mimi, inahesabiwa kama silinda nzima ya kununua.

Hosipaipu ukiziangalia, angalia aina kabla ya uchakavu. Upande wa presha zinatakiwa za haidroliki zenye nyuzi za chuma ndani, na maandishi yake hutaja presha. Nimeona mashine zimefungwa paipu ya upepo ya kompresa upande huo, zimebanwa kwa klipu za redieta. Hilo ni bomu. Ukiona waya umeanza kujitokeza kwenye mpira, hosi hiyo imekwisha, lakini ni gharama ndogo: Mbeya wapo mafundi wa kubana hosi mpya kwa kipimo chako, kwa sababu ya malori na mitambo ya migodi ya Chunya. Ipunguze kwenye bei uendelee.

Ila nikuombe jambo moja kwa uzito wake wote. Mashine ikiwa inafanya kazi, usipapase hosi kwa mkono kutafuta inapovuja, wala kijana wako asifanye hivyo. Oili ya bar 200 ikipita kwenye tundu dogo kama la sindano inaingia chini ya ngozi. Kidonda kinaonekana kama umechomwa na mwiba, hakiumi sana, na mtu anaendelea na kazi huku nyama ya ndani inakufa. Tumia kipande cha boksi: kipitishe karibu na hosi, kikilowa umepata tundu. Na ikitokea bahati mbaya, mtu aende hospitali saa hiyohiyo na amwambie daktari kwamba ni oili ya haidroliki imeingia kwa presha, maana hilo linahitaji upasuaji wa haraka, siyo plasta.

Sasa washa. Iache injini ikae mwendo wa chini dakika chache, usikilize pampu. Mlio wa kusaga unaofanana na kokoto kwenye debe ni pampu inayovuta hewa au inayokosa oili. Huenda ni chujio la ndani ya tangi limeziba, au hosi ya kuvutia imelegea, hayo ni mambo madogo. Huenda pia ni pampu yenyewe. Ukiona povu kwenye tangi, hewa inaingia upande wa kuvuta. Angalia pia pale pampu inapokutana na injini. Katikati ya kapulingi kuna raba, na chini yake kukiwa na unga mweusi, raba inaliwa kwa sababu pampu na injini havijanyooka. Oili ikichuruzika kwenye shafti ya pampu, sili yake imekwenda.

Pandisha injini mwendo wa juu kabisa, toa simu, na pima sekunde za kabari kutoka mwanzo hadi mwisho bila gogo. Hesabu yake ni hii. Silinda ya inchi 4 yenye mwendo wa sentimita 61, ambao ndio wa kawaida kwa mashine za Marekani, inajazwa na lita 5 kasoro kidogo. Pampu ya galoni 11 kwa dakika, yaani lita 41 hivi, inaijaza kwa sekunde 7. Ya inchi 5 inahitaji lita karibu 8, kwa hiyo sekunde 11, au 8 ikiwa na pampu ya galoni 16. Kurudi kuwe haraka kuliko kwenda, kwa sababu shafti yenyewe imechukua nafasi ya oili upande ule. Andika sekunde hizo kwenye karatasi, maana utazihitaji tena. Ikichukua mara mbili ya hapo, kuna oili inayopotea njiani au isiyofika kabisa.

Ndipo uweke gogo. Magogo yako uyachague kwa ukatili: mlingoti mkavu, mnene, wenye kifundo katikati. Muuzaji atakuwa ameandaa mipaini iliyonyooka ambayo hata shoka butu linaipasua, mshukuru na uiweke kando. Kabari ikigusa gogo, sikiliza. Mashine yenye afya itanguruma kwa sauti nzito zaidi, kabari itapunguza mwendo ghafla, lakini itaendelea kusogea bila kusita mpaka gogo lilie na kufunguka. Injini ikizima, ama ni dhaifu, ama ile valvu ya ndani ya pampu haifunguki na jozi kubwa ya gia inaendelea kusukuma mahali ambapo haina nguvu. Na kama kabari inasimama huku injini inaendelea kuimba kwa raha kana kwamba haina kazi, hapo ndipo pabaya: presha inavuja ndani, na oili inazunguka bila kusukuma kitu.

Huko ndani kuna njia tatu za kuvujia. Valvu ya usalama, ile yenye skrubu ya kurekebishia presha kwenye mwili wa valvu ya leva, inaweza kuwa imelegezwa au imechoka. Sili za pistoni ndani ya silinda zinaweza kuwa zimeisha. Au gia za pampu zimelika. La kwanza ni dogo, la pili ni la kati, la tatu ni kubwa. Fundi wako aje na geji ya presha ya kufika bar 250 au zaidi na kiungio cha kuifungia. Kabari ikifika mwisho wa safari, ashikilie leva sekunde mbili tu, asome. Unataka kati ya bar 170 na 200. Ikizidi sana 210, mtu ameikaza skrubu kupita kiasi ili mashine ionekane na nguvu, na boriti na hosi ndizo zimekuwa zikilipa. Angalia skrubu hiyo: alama mpya za spana kwenye rangi ya zamani zinaeleza.

Ikisoma chini, kuna njia ya kujua kama ni silinda. Kabari ikiwa imefika mwisho, mnazima injini, mnapeleka leva huku na huku kuondoa presha, mnafungua hosi ya upande wa shafti kwenye silinda na kuiziba hosi yenyewe kwa plagi ya chuma. Mnaweka ndoo chini ya tundu lililobaki wazi, mnasimama mbali nalo, mnawasha na kusukuma leva upande wa kupasua kwa sekunde mbili. Asiguse upande wa kurudisha hata kidogo. Matone machache si tatizo. Mkondo unaotiririka maana yake oili inapita pembeni ya pistoni, na seti ya sili inahitajika. Tundu likiwa kavu na presha bado ndogo, lawama inarudi kwenye valvu ya usalama au pampu, na fundi ataikaza skrubu kidogo aone kama geji inapanda. Isipopanda, ni pampu.

Haya yote umeyafanya ikiwa bado haijapata moto, na ndiyo maana nakuomba usitoe pesa hapo. Ipasue magogo nusu saa mfululizo, vijana wakilisha bila kupumzika, mpaka tangi la oili liwe la moto kiasi cha kutoweza kulishikilia mkono. Kisha rudia: pima sekunde, soma geji, weka gogo lenye kifundo. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi, na kila nafasi iliyolika kwenye gia za pampu inakuwa mlango. Pampu iliyochoka inaweza kutoa bar 190 saa mbili asubuhi na 110 saa nne. Sekunde 8 zikigeuka 9, sawa. Zikigeuka 13, umeona pampu ya kununua. Kazi yako wewe ni ya kutwa, si ya dakika tano za maonyesho, kwa hiyo kipimo cha moto ndicho kinachokuhusu. Kama una muda wa kufanya kipimo kimoja tu kati ya vyote hivi, fanya hicho.

Jambo la mwinuko nalo watu huku tunalisahau. Injini ya petroli isiyo na tabo inapoteza asilimia 3 hadi 3 na nusu ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Mafinga tuko karibu mita 1,900, kwa hiyo moja ya tano ya nguvu imekwenda na hewa: injini ya hospawa 6 na nusu inabaki na 5 na kidogo. Zaidi ya hapo, kabureta iliyopimwa kwa ajili ya pwani inamwaga petroli nyingi kwa hewa hii nyepesi. Utaona moshi mweusi ikibebeshwa mzigo, na plagi ukiifungua ina masizi makavu meusi. Hiyo haimaanishi injini ni mbovu. Inahitaji jeti ndogo zaidi (kitundu cha kupitishia petroli) na marekebisho, kazi ya fundi pikipiki mzoefu. Bahati nzuri Makambako nako ni juu, zaidi ya mita 1,600, kwa hiyo unachokiona pale hakitatofautiana sana na utakachopata nyumbani. Mashine ukiijaribia Dar es Salaam ndiyo inakudanganya.

Wapo watakaokushauri uondoe injini ya petroli ufunge ya dizeli ya pawa tila (trekta dogo la kusukumwa kwa mikono), zile zilizojaa Mbarali kwenye mpunga. Nguvu zinatosha na dizeli haili sana, lakini pampu hizi zimekusudiwa kuzunguka mara 3,600 kwa dakika. Dizeli ile inakwenda kama 2,200, kwa hiyo bila kubadilisha puli utapata asilimia 60 tu ya mwendo.

Leva. Ukiisukuma upande wa kupasua na kuiachia, lazima irudi katikati yenyewe na kabari isimame papo hapo. Upande wa kurudisha inaruhusiwa kukaa mpaka safari iishe. Ukikuta leva imefungwa mpira wa tyubu ili isirudi na vijana wabaki na mikono miwili ya kushika magogo, ufungue mpira huo mbele ya muuzaji uone spring bado ipo. Spring ni ya kununua. Lakini ukiipeleka nyumbani, mtu mmoja ndiye ashike leva na yeye huyohuyo ndiye aweke gogo. Wakiwa wawili, mmoja leva na mwingine gogo, ndipo vidole vinapoondoka, kwa sababu aliyeshika leva haoni mkono wa mwenzake.

Kuhusu vipuri: mashine ya Marekani ina nati na viungio vya inchi, na nyuzi zake si sawa na zile za Kiingereza zinazouzwa kwa wingi hapa. Sili nazo ni za inchi. Zinapatikana, ila utazitafuta, na wauza sili wanataka kipimo, siyo jina la mashine. Piga picha kibati cha pampu na cha silinda siku hiyohiyo, hata kama hujaamua kununua.

Sasa bei. Milioni 4 na nusu inaweza kuwa haki au hasara tupu, kutegemea utakachokiona. Kabla ya kwenda, piga simu uulizie bei ya pampu ya hatua mbili, hosi mbili za presha, lita 20 za oili ya 46, chujio na seti ya sili. Nenda na namba hizo kwenye karatasi, ili kila kasoro utakayoikuta iwe na bei yake, na muuzaji akiona hesabu hatakubishia kama angekubishia maneno. Oili, hosi, chujio, matairi, kabureta, spring ya leva, hata sili za silinda: hivyo vyote vinapunguza bei, havivunji biashara. Boriti iliyopinda au yenye ufa kwenye mguu wa bamba, shafti iliyoliwa na kutu, au pampu inayokata tamaa ikipata moto huku muuzaji hataki kupunguza bei kwa thamani ya pampu mpya: ondoka, na usigeuke hata akikuita kwa milioni 3.

Piga pia hesabu ya wateja wako. Injini hii itakunywa lita moja na nusu hadi mbili za petroli kwa saa ya kazi mfululizo. Kiwanda cha chai na matanuri ya matofali ni wateja wa kuni kwa muda mrefu bado. Lakini kama kwenye hesabu za kurudisha pesa umeweka jiko la shule ya bweni, litoe. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimeshaagizwa ziachane na kuni na mkaa, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehama ifikapo 2034. Mashine ilipwe na wateja ambao una uhakika watakuwepo.

Mkikubaliana, andikeni hati ya mauziano kwa mwenyekiti wa mtaa, iwe na namba ya injini na nakala ya karatasi za kontena, na malipo yapite kwenye simu au benki. Usiivute kwa tela lake barabara kuu mpaka Mafinga, maana bearing za magurudumu hayo madogo pengine hazijaonja grisi tangu Marekani. Ipakie kwenye Canter, kamba uzifunge kwenye boriti, si kwenye hosi wala silinda. Ikifika, kabla ya kijana yeyote kuvuta kamba, angalia kama kuna koki kati ya tangi na pampu. Wengine huifunga safarini ili oili isimwagike. Ikiwashwa koki ikiwa imefungwa, pampu uliyoipima kwa jasho lote hilo inakufa kwa dakika chache.